Kiingereza cha Ghalani

Tulisomea ghala la mahindi, Bweyale,
nyuma ya mashine ya kusaga ya Alinaitwe,
Jumanne na Alhamisi, mashine ikishazimwa.
Vumbi la unga lilitukaa kwenye nyusi;
tulitoka pale wazee, hata waliokuwa vijana.

Mwalimu Kabasinguzi hakuwa na ubao.
Aliandika kwa chaki juu ya mlango wa bati,
na mchelewaji akiusukuma,
sentensi nzima iligeukia ukutani naye.

Nakayima, mpishi wa stendi, alimtangazia dereva wa lori
kwamba ana laisi ya moto na maharage.
Dereva akajikuna kichwa, akauliza:
chawa unawapika kwa chumvi?
Ndivyo ilivyo. R ya mwanzo haimkai Mganda ulimini;
ikifika mlangoni inavua viatu, inaingia l.
Tangu siku hiyo Nakayima ameuza posho,
neno lisilo na mtego.

Ocaya alikwenda duka la Mudathir kununua shuka.
Sh kwa Mwacholi ni kuni mbichi, haishiki.
Akaomba siti.
Mudathir, mtu wa adabu, akamvutia kiti.
Ocaya akakaa. Akaomba tena.
"Si umeshakaa?"
Akaeleza: nyeupe, futi sita kwa nne, ya kulalia.
Mudathir akamtazama alivyochoka,
akamtandikia mkeka.

Mimi nisiwacheke sana.
Baba alipiga tarumbeta jeshini, kambi ndiyo iliyonilea,
na Kiswahili cha kambi hakiachi neno litoke bila nguo.
Kila herufi iliyosimama uchi mwishoni niliivika:
buku, bedi, dogi, gudi.
"Andezu," akasema mwalimu,
"mengine yaache yalale hivyo hivyo."

Lakini Biira ndiye aliyetumaliza.
Jioni moja ya mvua alisimama, akanyoosha sketi, akasema
mume wake ni leiti.
Alitaka kusema atachelewa kuja kumchukua.
Kwetu Uganda neno hilo huvaa sanda.
Chaki ikamdondoka mwalimu.
Ocaya akavua kofia, kofia ikazunguka:
shilingi elfu thelathini na mbili, na kilo tatu za unga
ambazo Alinaitwe alizipima mwenyewe, bila kuiba.
Biira akashukuru kwa Kiingereza kilichonyooka,
akidhani ni zawadi ya kufaulu jaribio.

Ndipo mlango wa bati ukalia.
Masereka akaingia, maji hadi magotini,
akiburuta baiskeli iliyopasuka tairi,
akasema, gudi ivinin.
Nakayima alipanda juu ya magunia.

Zile pesa hazikurudi mifukoni. Tulinunua soda;
marehemu akatufungulia chupa kwa meno.

Kosa moja tu halikung'oka.
Ukimuaga mtu unamwambia, kwa Kiingereza, naja,
na huku mgongo wako ndio unaomtazama.
Kabasinguzi aligomba: anayekuja huja, anayekwenda huenda,
Mwingereza hachanganyi miguu!
Akatuandikisha mara ishirini.
Tukaandika, tukafunga madaftari,
tukamwambia, tunakuja,
tukaenda zetu kulala.

Mwezi wa pili barua ikamhamishia Hoima.
Alifuta mlango kwa kiganja,
akaokota vipande vya chaki, hata vile vya ukubwa wa punje,
akavifunga kwenye leso.
Hakutoa hotuba.
Alifika kizingitini, r na l zake zote mahali pake,
akageuka nusu, akatuambia
kwa Kiingereza chetu:
naja.

Hakuna aliyeinua mkono.
Mlango ulibaki wazi, maandishi yake yakiangalia ukuta,
na Alinaitwe, ambaye hawezi kuvumilia kimya,
akawasha mashine
ingawa hapakuwa na mahindi ndani.