Kwenda na Kurudi

Kijana wa bima anaitwa Mlekwa, tai yake imepinda,
ananisogezea karatasi kama mtu anayesogeza chai ya moto.
"Jaza hapa, mama. Umri."
Naandika: sabini na mbili.
Anavuta pumzi kwa meno. Bei inapanda
nami bado nimekaa kitini.

Miezi sita, nakwenda Winipegi,
kwa Sizya, kitinda mimba wangu,
aliyejifungua mapacha katikati ya theluji.
Ubalozi umesema: bila bima, hakuna muhuri.

Haya, tuanze. Presha? Ninayo.
Tangu lini? Tangu treni ya Mpanda ilipochelewa siku mbili
na abiria wakataka kunila mimi dirishani.
Sukari? Kidogo.
Kidogo kiasi gani?
Kiasi cha asali ya Sikonge kwenye kijiko cha chai.
Magoti? La kushoto hutabiri mvua.
"Mvua haina nafasi kwenye fomu, mama," anasema,
wala hanyanyui kichwa.

Kisha ananisomea, kidole kikitambaa:
sanduku likipotea, watalipa.
Ndege ikilala njiani, watalipa chakula cha usiku.
Jino likiuma ghafla watalipa,
mradi lisiwe limeanza kuuma Tabora.
Presha haimo.
Moyo haumo.
"Yaliyokuwepo kabla ya safari hayamo."
Mlekwa mwanangu, namwambia,
mimi mwenyewe nilikuwepo kabla ya safari.

Miaka thelathini na moja nilikaa dirisha la tatu, stesheni,
nikikata tiketi: Kigoma, Mwanza, Mpanda, Dar,
kwenda tu, kwenda na kurudi.
Niliwakatia wajawazito, niliwakatia waliotoka Kitete na bandeji mbichi,
na mzee mmoja aliyekohoa ndani ya leso,
akaikunja haraka, akasema,
"Kwenda tu, binti."
Nikampa chenji yake bila kumtazama.
Sikumwuliza mtu moyo wake unapigaje.
Labda ningeuliza.

Ukurasa wa nne. Hapa sauti ya Mlekwa inashuka:
kurudisha mwili.
Kuna kiasi, kimeandikwa kwa dola,
sifuri zimefuatana kama mabehewa.
Sijawahi kuwa na thamani hiyo nikitembea.
Kwa pesa hizo ningeezeka upya nyumba ya Isevya,
nikachimba kisima,
na ikabaki ya jeneza.
Nilisema hivyo kwa sauti. Alicheka yeye,
kisha akaona haya, akanyoosha tai.

Babu wa mama yangu, Kasanda, alikwenda pwani kwa miguu,
mzigo begani, kiangazi chote.
Mama alisimulia: siku ya kuondoka aliacha jembe
halijatiwa mpini,
akalilaza mlangoni, akakataza lisiguswe.
Kila aliyeingia alijikwaa.
Kila aliyejikwaa alimtaja.
Mara mbili alirudi, akalitia mpini.
Mara ya tatu jembe likaliwa na kutu.
Mama akifika hapo huinuka, akachochee moto
hata kama unawaka vizuri.

Nimetia sahihi. Nimelipa,
nusu pensheni yangu, nusu jasho la Sizya.
Narudi kwa miguu, bahasha kwapani,
goti likisema mvua, na wingu hakuna.
Pale kona nampitia Mwashi na magunia yake.
Ananidai elfu sita na mia tano, maharage ya mwezi uliopita.
Pesa ninayo mkobani. Naigusa.

"Mwashi, lile deni lako."
"Lete, shoga, usafiri ukiwa mwepesi."
"Sikulipi."
Ananitazama, kibaba mkononi.
"Sikulipi mpaka Novemba. Niandike kwenye daftari,
kwa wino, jina langu lote,
na usije ukanisamehe."