Barafu ya Marisela

Tucson, Julai, saa tano usiku,
na lami bado inalipa deni la jua.
Marisela Ochoa kafungua boneti:
kipimajoto kwenye bomba la hewa
kinasoma sitini na nane.

"Supachaja inaibana hewa," anasema,
"nayo ikibanwa, inachemka."
Nani habadiliki akibanwa?

Maji ya moto hayachomi nyumba, tulifunzwa.
Hewa ya moto, je?
Imenitoroshea farasi arobaini
na mlango wa zizi umefungwa.

Basi tukaleta mifuko minne ya barafu
kutoka kituo cha mafuta,
na wa tano, njegere za mumewe zilizoganda,
asijue.
Tukalijaza tangi, pale lilipolala tairi la akiba.
Pampu ikakohoa.
Ikashika.

Hamsini. Arobaini na moja. Thelathini.
Bomba likatoka jasho
nami nikaliwekea kiganja
kama nilivyompima mwanangu homa
usiku ule, kitambaa cha maji begani,
nikihesabu pumzi.

"Washa," akasema.

Sikuwasha mara moja.
Kiganja kilikuwa bado kinasikiliza.