Mlango wa Saba

Mbagala Kizuiani, kila mlango wa saba.
Kuna nyumba ilibomolewa, sikumbuki niliihesabu au niliiruka,
kisha pazia la kanga, cherehani,
na Bi Sikudhani Pazi, pini mdomoni.

"Jana, saa kumi na mbili asubuhi hadi na robo,
ulisikiliza stesheni gani, mama?"
"Ile ya kinyozi."
Redio ni ya kinyozi, ukuta ni wa wote wawili,
sikio ni lake. Mwongozo wetu unasema: andika sikio.
Dakika tano zikitimia, tunaziita robo saa nzima.
Zikiwa nne, hukusikia kitu.

Nikamweleza, kwa kuwa aliuliza,
kwamba jiji hili halihesabiki lote.
Tunaonja, kijiko kimoja cha mchuzi.
Kongowe tumo, Vikindu hatumo,
ingawa sauti ya mtangazaji haishuki kituoni;
na kwa mizani ya ofisi, yeye peke yake
ni watu elfu nne na mia mbili.

Akatoa pini.
"Mie? Niliyeshindwa kodi ya mwezi?
Basi waambie hao wenzangu wanichangie."

Nikamwachia daftari la siku saba na penseli.

Niliporudi, Jumatatu ilijaa. Jumanne nusu.
Toka Jumatano mistari mitupu,
na pembeni, kwa herufi za kupanda mlima:
msiba kwa kinyozi.

Mama yake. Turubai lilifunga njia,
masufuria ya kukodi, majivu ya kuni bado barabarani.
Mtaa mzima ulizima redio
na hakuna aliyeambiwa azime.

Nikapekua fomu. Kuna "hana redio",
kuna "hakuwepo", kuna "hakusikiliza".
Nikatia alama hapo, robo saa kwa robo saa,
siku tano, milango yangu yote ya mtaa ule,
mpaka kidole kikaota sugu.

Matokeo yalisomwa hotelini, Posta, kiyoyozi kikali.
Stesheni ya kinyozi ilikuwa ya tatu. Ikasomwa ya tano.
Fundi akatumwa kupanda mnara, akakuta mnara mzima.
Wenye sabuni wakaomba bei ishuke.
Nkwabi, mtangazaji wa alfajiri,
aliitwa akaambiwa sauti yake imechoka.

Mimi nilikuwa nyuma, nagawa maji ya chupa.
Ningesema nini?
Kwamba watu elfu nne na mia mbili
walikaa mkekani Kizuiani
wakimlilia Bi Mwanahawa?

Baada ya arobaini nilipita, shughuli nyingine tu.
Kinyozi amewasha, sauti ya chini.
Bi Sikudhani anakata kitambaa, hainui macho:
"Yule kijana wa asubuhi kaenda wapi?
Huyu wa sasa anapiga makelele."

Siku hiyo sikubeba fomu.