Lugha Nyingine

Jukwaa la kwanza hulipa kwa kila mbofyo,
na hula nusu kabla hujanawa.
La pili lina wasomaji kama siafu,
ila hadithi ikishaingia
haitoki tena: ni yao.

Rannvá ametoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
Tórshavn, saa tisa usiku, mvua ya ubavu.
Vidole vinanuka dawa.

Chagua lugha.
Kifaransa, halafu Kifini.
Kifaroe kimerukwa
kama kidimbwi.
Chini kabisa: Nyingine.

La tatu halina senti wala umati.
Lina kisanduku kitupu: andika mwenyewe.

Akaandika, herufi kwa herufi.
Kisha hadithi.

Asubuhi, msomaji mmoja,
hajulikani,
amemsahihisha mkato
kwa Kifaroe.