Masharti ya Mlinzi Mpya wa Theluji

Sib, Agosti. Nje nyuzi arobaini na sita,
ndani tatu chini ya sifuri.
Makoti ya kuazima yananuka jasho la waliotutangulia,
na Bi Shinuna, mzaliwa wa hapa, Kiswahili chake cha Unguja,
anatusomea karatasi bila kuinua macho:
saa arobaini za darasa,
mtihani wa kalamu, kisha wa mikono.
Cheti kinakufa baada ya miaka miwili.
Asiyeweza kupiga magoti kwenye barafu dakika ishirini
akauze tiketi mlangoni.

Mwanasesere hana miguu. Tunamwita Bwana Nusu.
Thelathini kifuani, pumzi mbili.
"Unakanda mandazi wewe? Zama!"
Nauliza nihesabu kwa lugha gani.
"Yoyote. Moyo si afisa wa uhamiaji."
Basi nahesabu kwa Kitaita,
lugha niliyohesabia mbuzi wa bibi,
na mbavu za plastiki zinaitika: tak, tak.

Goti likitenguka, usimvue buti,
buti ndilo gango lake la kwanza.
Shingo usiigeuze, hata akikuita kwa jina.
Anayetetemeka ana nafuu;
mwogope aliyeacha kutetemeka.

Bishnu, Mnepali, peke yake kati yetu
aliyewahi kuiona theluji ikishuka toka juu,
anashindwa bandeji mara tatu.
"Kwetu," anasema, "tuliwatafuta kwa fito ndefu.
Bandeji hatukufikia."
Darasa zima likajifanya linapanga mikasi.

Siku ya tisa, kabla ya mtihani wa mikono,
mlinzi wa lango la mizigo alikuja mbio.
Kijana wa pikipiki, boksi la chakula bado mgongoni,
amelala kwenye lami,
ngozi kavu kama karatasi ya kaki,
anaongea na mtu asiyekuwepo.
Katika masharti yote kumi na manne
jua halikutajwa.

Sikumbuki nani alisema sleji.
Nakumbuka makoleo, Bishnu akichota kama mchimba kaburi
aliyebadili nia,
na ile sleji ya rangi ya chungwa ikikwaruza sakafu,
ikapita maduka ya manukato,
ikatoka mlangoni, ikaingia kwenye tanuri.
Tukamzika kijana kwenye theluji bila kumfunika uso:
shingoni, kwapani, kinenani.
Nilipiga magoti kwenye lami. Lami nayo huunguza,
hilo pia halikuandikwa.

Ambulensi ilipofika alikuwa ameshatutukana,
kwa Kiurdu, vizuri sana.
Bi Shinuna akakaa kwenye ukingo wa njia,
ushungi umelowa,
akanipa fomu ya ajali bila neno.

Jina: Ashfaq. Mahali: nje.
Mwinuko wa mteremko: hakuna.
Aina ya theluji, weka alama,
laini, ngumu, au iliyoyeyuka.

Niliweka alama: iliyoyeyuka.