Sufuria Nyuma ya Mlango

Nilimfuma saa mbili usiku, Umoja, stima zimerudi punde,
amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni,
mkono mmoja sufuria, mwingine mwiko.
Akagonga. Akachungulia.
Akagonga tena.
Mtoto hakugeuka.
Alikuwa akipanga vibanio vya nguo,
chekundu, chekundu, buluu, chekundu,
foleni ndefu kuliko ya benki mwisho wa mwezi.

"Unafanya nini, Mwakio?"
Mume wangu akashtuka kama mwizi wa kuku.
Kisha akaketi juu ya mtungi wa gesi,
sufuria mapajani,
akalitoa lile nililolimeza miezi mitatu:
"Mghoi, huyu mtoto ananisikia au hanisikii?"

Sikumjibu. Nikatoa mkobani daftari la wateja,
lile la kutuma na kutoa pesa,
nikaligeuza nyuma.
Huko nyuma palikuwa na hesabu nyingine:

Machi, tarehe nne. Nimemwita mara sita. Hakuja.
Siku hiyohiyo: nimefungua biskuti chumba cha pili. Amekuja mbio.
Aprili. Alikuwa anasema "maji". Hasemi tena.
Aprili, Jumapili. Blenda ya jirani. Ameziba masikio, amelia hadi akatapika.
Mei. Amenitazama. Muda mrefu. Nimesahau kuangalia saa.

Alisoma kwa kidole, kidole cha mchomeleaji, chenye makovu.
Penye "maji" kikasimama.
"Hata mimi niliona," akasema.
"Nikadhani nikilisema ndipo litakuwa kweli."

Basi tukalisema.
Halikutupeleka popote usiku ule.
Chai ilipoa tu.

Mama mkwe alikwisha sema: wavulana huchelewa,
babake alinyamaza hadi miaka minne,
na leo mguse kwenye siasa uone.
Jirani akasema ni simu hizo, katuni hizo.
Mwingine akaniuliza, kwa upole wenye miiba,
nilikula nini nikiwa na mimba.
Nilikula ugali, dada. Nilikula maembe.
Nilikula udongo kidogo, kama wewe.

Kliniki tulikwenda Jumanne, na daftari letu.
Muuguzi alilisoma lote, hakucheka.
"Tuanze na masikio," akasema,
"tusije tukalaumu mwenye nyumba kumbe kengele ndiyo mbovu."
Masikio yakapimwa. Mazima.
Sijui kwa nini nililia.

Daktari ndiye aliyelitaja: usonji.
"Huenda," akasema. "Sijasema ndiyo.
Ila msingoje ndiyo ndipo muanze."
Njiani nililijaribu mdomoni, u-so-nji,
kama jina la mpangaji aliyehamia bila hodi
kumbe yumo ndani tangu zamani.
Tathmini yenyewe ni mwezi wa tisa.
Sasa ni Juni.

Kwa hiyo Mwakio hulala sakafuni kila jioni,
ovaroli inanuka chuma,
akapanga vibanio vyake sambamba na vya mtoto.
Hamwambii nitazame. Anapanga tu.
Siku ya kumi na moja akakosea rangi kusudi.
Mkono mdogo ukaja, ukakitoa, ukaweka cha buluu.
Mume wangu hakupumua.
Nami nikaandika.

Jirani wa blenda naye sasa hupaza sauti kwanza:
"Mama Mwadime, nawasha!"
Tunapanda hadi paani, kwenye kamba za nguo,
tunangoja juisi ya watu iive.

Jana Mwadime alinishika kiganja.
Si mimi; kiganja tu,
kama mtu achukuavyo ufunguo,
akakipeleka hadi kwenye bomba.
Alhamisi, siku ya mgao, bomba kavu.
Nikalifungua hivyo hivyo. Likakohoa.
Nikamimina kutoka kwenye jerikeni.
"Maji," nikasema.
Akatazama kikombe.
"Maji."
Akanywa, akaenda zake kwa vibanio vyake.

Nimeandika:
Juni, kumi na tisa. Ameomba.