Mkia Ndio Unaosema

Hakukohoa. Njiwa hakohoi kama mtu.
Saa tano za usiku, Kibokoni imezima taa,
nikasikia huko juu darini: tik, tik, tik,
kama mtu avutaye tasbihi asitake kusikiwa.

Asubuhi nikamshika Kishada.
Kajifutua manyoya kana kwamba ni kipupwe,
ilhali jua lishaanza kuchoma mabati.
Mdomo wazi. Puani utelezi,
na manyoya ya begani yameganda alipojipangusia.
Mkia juu, chini, juu, chini,
kila pumzi yauvuta kama kamba ya ndoo kisimani.

Badi wa duka la mtama akasema siki, kifuniko kimoja.
Shangazi Zuwena akasema jicho hilo,
akaleta chetezo, akafukiza udi wake wa bei,
na mimi, mjinga,
nikafungua mlango wa banda moshi uingie vyema.

Usiku ule tik ikawa filimbi.

Daktari Mghoi hakunigombeza.
Aliweka sikio mgongoni, baina ya mbawa,
akafumba macho kama aonjaye mchuzi.
"Pafu la ndege halitanuki. Hewa hupita
mpaka vifuko vya tumboni, mpaka ndani ya mifupa.
Moshi ukiingia humo, umeingia nyumba nzima."

Akanipa unga wa manjano,
maji mapya kila alfajiri, nimalize siku zote
hata akipona mapema.
"Na ule ufupa wa dome, na makombe uliyoponda,
ondoa kwanza. Chokaa huikamata dawa."
Dome niliyoiokota mwenyewe Nyali, nikaiosha, nikaianika.

Nikamtenga kikapuni, nguo upande wa upepo.
Nikakwangua banda, kinyesi cha wiki tatu;
harufu ilinichoma macho,
na wao walikuwa wakiilalia.
Nikanawa mikono mara mbili. Maradhi haya
humjua pia mwenye njiwa.

Siku ya sita mkia ulitulia.
Siku ya saba yule mweupe hakuamka.
Yeye hakupiga tik hata moja.
Alinyamaza tu, nami nikamwita mtulivu.

Sasa kila usiku napanda ngazi bila taa,
nabana pumzi yangu nisikie zao.
Shangazi auliza nafanya nini huko.
Nahesabu, namwambia.
Udi wake siku hizi aufukiza chini,
dirisha la njiani wazi,
wanukiao ni wapita njia.